Jani la Isale Mbele ya Kamera

Dar es Salaam, 4 Julai 1976

Dada Aikande,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi tu. Mguu wa Baba unaendeleaje?

Nimeazimwa kamera kwa mwezi mmoja. Waigizaji sina, lakini nina familia yetu, na vituko vyake vinatosha sinema. Nataka watu wacheke kwanza, kisha wanyamaze. Baba awe baba, Kaka Efraimu awe mwana aliyekosana naye. Mwishoni mwana analeta jani la isale kuomba radhi, na mzee analitupa kwenye shamba la kahawa.

Najua hawajasalimiana miaka sita, tangu Kaka ang'oe mibuni ya Baba. Huenda mchezo ukawakutanisha. Waulize.

Mdogo wako,
Ndelilio


Masama, 19 Julai 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu umepungua uvimbe. Ng'ombe amezaa dume tena.

Isale si la mzaha. Mtu akikuletea, hata kama alikuchomea nyumba, hukatai. Nilimkumbusha Baba, akacheka: "Basi nitalitupa mpaka Bomang'ombe! Nani asiyejua kuwa ni mchezo?"

Efraimu nilimkuta Himo, yuko chini ya lori akilitengeneza. Nilitegemea matusi. Akauliza, "Baba amekubali nimletee isale?" Nikasema amekubali. Akatoka chini ya lori, akasema, "Mwambie Ndelilio asinichumie. Nitachuma mwenyewe, pale kaburini kwa babu."

Habari ya kutupwa nimekuachia wewe umweleze. Roho yangu haijatulia.

Dada yako,
Aikande


Dar es Salaam, 2 Septemba 1976

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama, na ndizi zako ziliiva njiani.

Filamu imetoka! Niliwaonyesha wenzangu ukutani chumbani kwangu, wakacheka hadi kushikana mabega. Baba alilirusha lile jani kama anayefukuza kuku. Na Kaka, ile mikono inayotetemeka, nani alimfundisha? Sikumwambia kuwa litatupwa; nilitaka ashtuke kweli.

Mbona aliondoka bila kula? Kama amenuna, mwambie ametushinda sote kwa kuigiza.

Mdogo wako,
Ndelilio


Masama, 28 Novemba 1976

Ndelilio,

Marahaba. Tunapumua.

Efraimu hakuwa anaigiza. Juzi jirani yetu Gidioni alikuja kuuliza, "Huyu mbuzi wenu mtamchukua lini?" Mbuzi gani? Kumbe siku ile Efraimu alimfunga kwa Gidioni, na debe la pombe ya mbege kando, ili Baba akilipokea jani, mbuzi achinjwe na yaishe. Alipoondoka alipita huko akasema, "Kuleni ninyi. Kwetu wameshiba kicheko." Mbege waliinywa. Mbuzi waliogopa kumgusa.

Baba alisikia yote. Alituma mtu Himo. Efraimu amevuka kwenda Kenya, hakuna ajuaye wapi.

Sasa kila asubuhi Baba anavaa lile koti la kwenye filamu na kusimama palepale penye kahawa. "Mwandikie Ndelilio alete mashine yake. Nilikosea. Nirudie." Nikimwambia Efraimu hayupo, ananikaripia: "Si mumwite!"

Mguu umevimba hadi gotini. Njoo, hata bila mashine.

Dada yako,
Aikande


Dar es Salaam, 17 Aprili 1977

Dada Aikande,

Shikamoo. Tangu tulipoachana kaburini kwa Baba, leo ndiyo nimeweza kushika kalamu.

Barua zangu tatu za kumtafuta Kaka huko Kenya zimerudi, na mpaka umefungwa tangu Februari. Waliotaka kuionyesha filamu yetu nimewakatalia.

Lakini mimi naitazama. Jumapili nikitoka kanisani nafunga madirisha na kuizungusha kinyume. Jani linainuka kutoka kwenye kahawa, linaruka hadi mkononi mwa Baba. Halafu Baba ananyoosha mkono na kumpa Kaka, kana kwamba yeye ndiye anayeomba radhi. Pale ambapo wote wawili wamelishika, nasimamisha mashine.

Taa yake ni kali, na filamu ikisimama inaungua. Doa la kahawia lilianzia kwenye vidole vya Baba. Wiki iliyopita lilifika kwenye jani. Leo halionekani tena nani anampa nani.

Gidioni bado anaye yule mbuzi? Mwambie asimchinje.

Mdogo wako,
Ndelilio