Klorokwini Uliyoimwaga

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa chumba cha nyuma cha maabara hapa Mbinga mjini, saa ya chai, wenzangu wametoka. Najua barua ya mtu aliyezikwa haina posta. Lakini kuna jambo nimelifanya kwa jina lako, na sipendi ulisikie kwa mwingine huko uliko, maana watu wa kwetu hata wakifa wanaondoka na umbea wao.

Kwanza kazi yenyewe. Uliniacha nikiosha chupa. Sasa ni fundi maabara kamili, namsaidia profesa mmoja mama aliyekuja kutafuta namna ya kusafisha majitaka ya zahanati. Unajua dawa mtu akiimeza haiishii yote mwilini, nyingine inatoka naye chooni. Ongeza sabuni za kunukia, krimu, mkorogo na vipodozi vyote vilivyojaa madukani tangu biashara ilipofunguliwa milango. Vyote vinateremka na maji hadi ziwani. Sisi tunachukua maganda ya kahawa kutoka kule Maguu, tunayachoma kwenye pipa lisiloingia hewa, tunayachanganya na chembe za chuma, mpaka tunapata unga mweusi laini kiasi kwamba chembe zake hata hadubini yetu haizioni. Wasomi wanaziita chembe za nano. Zina vitundu vingi, na mabaki ya dawa yananasa humo. Chuma ni kwa ajili ya sumaku: kazi ikiisha tunauvuta unga, usije ukawa uchafu mwingine. Ungecheka. Ungesema, "Edita, mmesoma mpaka mmerudi kwenye mkaa."

Kijiji tulichopewa kujaribia ni chetu, na zahanati ni ile uliyotunza stoo yake ya dawa mpaka ukastaafu. Nilifurahi kama mtoto. Tulichota maji ya chemchemi iliyo chini yake, pale kina mama wanapoloweka mihogo, tukayapeleka Dar es Salaam kupimwa. Majibu yalirudi na mabaki ya sabuni, mabaki ya dawa za maumivu, na klorokwini.

Klorokwini, Baba! Dawa ya malaria ambayo serikali iliiondoa zamani kwa kuwa haikutibu tena, stoo haina hata kidonge kimoja. Wakubwa wa zahanati wakasema kuna mtu anaificha na kuigawa kwa siri. Mtu huyo nani? Nesi Benigna, aliyepokea funguo kutoka kwako. Wakamsimamisha kazi.

Mimi nilijua siku ileile. Nilikumbuka amri ya kuiondoa ilipofika, makopo yamejaa rafu mbili. Maduka ya dawa yalikuwa yamezuka kila kona, na mwenye duka mmoja alikuja nyumbani na jogoo mkononi, anaomba makopo "machache tu, mzee". Ulimrudishia jogoo wake. Kesho yake ukamwita katibu wa kijiji awe shahidi, ukatia vidonge vyote kwenye pipa la maji, ukavikoroga kwa mwiko wa Mama mpaka vikawa uji, ukavimimina kwenye shimo la majitaka. Mama alikununia siku mbili kwa ajili ya mwiko. Ukaandika yote kwenye daftari, ukasaini, katibu akasaini. "Hapa hakuna mwizi atakayefika," ulisema. Padri alikutaja kanisani, na hata siku ya mazishi yako watu walilisimulia.

Shimo lile halina sakafu, Baba. Na liko juu ya chemchemi. Ulifikiria wezi, hukufikiria maji, na sioni nani angefikiria. Ndivyo mlivyofanya kazi wote wakati ule: dawa isiyotakiwa imwagwe mbele ya shahidi.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Naona aibu kuandika hilo kuliko mengine yote. Nilijiambia nasubiri vipimo vya pili. Uongo. Sikutaka jina lako liguswe. Halafu nikakutana na Nesi Benigna stendi, na begi lake, anakwenda kwa kaka yake kule Litumbandyosi. Akanisalimu vizuri kabisa, akaniuliza, "Mama miguu inaendeleaje?" Asubuhi iliyofuata niliteremka kijijini, nikamweleza Mama kila kitu. Alilia, kisha akafungua sanduku akanipa daftari lako. "Peleka. Baba yako hakuandika ili lifichwe."

Nililisoma mbele ya kamati ya zahanati, profesa yupo, Nesi Benigna ameitwa. Mzee mmoja, rafiki yako wa siku nyingi, aliguna akatoka nje, na tangu hapo haitikii shikamoo yangu. Limeniuma, sitakudanganya. Nesi Benigna amerudishiwa funguo zake.

Sasa tumechimba mfereji chini ya shimo. Maji yanayovuja yanaingia kwenye tangi, tunatia unga, tunakoroga, tunauvuta kwa sumaku, ndipo tunayaachia. Kina mama wamehamishia mihogo yao mbali kwa muda na wananilaumu kila nikipita. Unga unafanya kazi, ila unajaa upesi kuliko tulivyotegemea. Ulimwaga nyingi, mzee wangu.

Kwenye taarifa kuna mahali pa kuandika chanzo. Profesa, kwa heshima, aliniambia niandike tu kwamba ni cha zamani. Nikaandika jina lako kamili, na nikaandika kwamba uliimwaga ili wagonjwa wasiuziwe. Sikuweza kuandika moja nikaacha jingine.

Nakukumbuka, Baba, hata ninapokukasirikia, na nimekukasirikia kidogo. Pumzika. Kila mwezi nitachota maji ya chemchemi ile kwa mkono wangu, na siku majibu yatakaporudi bila klorokwini, profesa atasubiri. Nitakuja kwanza makaburini nikuambie wewe.

Mwanao,
Edita