Ruhusa ya Kumfufua Mganga

Baba Mdogo mpenzi,

Nakusihi, barua hii usimsomee mtu, hata wenzako wa mchezo. Ikijulikana, sina kazi.

Mama anakusalimu. Anasema, "Shemeji asipokula vizuri nitakuja kumlisha kwa kijiko!"

Hukujua kwamba hapa kwenye kampuni inayotoa mchezo wenu wa kuigiza ni mimi ninayejibu maswali ya wachezaji. Uliuliza kama mganga wa kikosi chenu aweza kufufuka. Nilimtambua mara moja. Ndiye aliyeigizwa na marehemu Mama Mdogo, nanyi mkamzika mchezoni wiki aliyofariki. Kitabu cha kanuni kinasema wafu hawarudi. Mimi nikaandika, "Ndiyo, anarudi," nikapiga muhuri.

Nilisahau kwamba jibu lenye muhuri wetu huwa kanuni kwa kila mchezaji. Sasa kila kikosi kinafufua watu wake. Jana mtunzi wa mchezo aliingia akifoka, "Nani kawafungulia wafu mlango? Mfalme niliyeandika vitabu vitatu vya mchezo ili nimuue, leo yuko sokoni ananunua viatu!"

Karani mwenzangu akanong'ona, "Angalau havai vya mtumba." Nilishindwa hata kucheka. Kesho tunahojiwa. Naogopa, lakini jibu lile silifuti.

Usipige simu ofisini. Mpigie fundi cherehani, jirani yetu, jioni; ataniita dirishani. Ila chezeni kwanza, na Mama Mdogo asemewe na wewe mwenyewe, maana ndiwe unayezijua kejeli zake. Kisha unipigie, uniambie alipofumbua macho alikutania nini.

Mwanao,
Karani wa maswali