Koti la Mlinda Daraja

Tarehe 6 Januari

Binti yangu,

Nisamehe kwa kukaa miezi tisa bila kukuandikia. Barua zako tatu zilifika, nikaziweka kwenye droo ya cherehani, na kila nilipotaka kujibu hasira ilinitangulia mezani. Sasa imechoka, nami nimechoka nayo. Hujambo? Kifua bado kinakusumbua wakati wa baridi? Mimi ni mzima. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Nina jambo moja. Mkuu wa shule anataka kujua kama sare za mwaka huu nitazishona mimi. Ni wanafunzi mia tatu, na jibu analitaka kabla ya Machi kwisha. Nimemwambia kwamba binti yangu anarudi. Najua hukusema hivyo. Nimesema mimi, kwa sababu ulijifunza kutembea humu dukani kwa kushika miguu ya meza ya kukatia, na simwoni mwingine wa kulishika duka hili.

Kinyozi, jirani yetu, alikuona kwenye simu yake ukimvisha mtu mzima mbawa za karatasi. "Mzee, huyu si binti yako?" Nikamjibu, "Wamefanana tu." Mungu anisamehe. Fundi hushona nguo ili mtu aende kazini, shuleni au harusini. Hao wako huenda wapi na mbawa?

Nijibu.

Baba yako

Tarehe 25 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilikaa papo hapo kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka. Sijambo, kifua kimetulia. Mwambie Shangazi ninakula, tena nimenenepa mpaka nimejifumulia sketi mbili.

Lakini Baba, kwa nini ulimwambia mkuu wa shule kwamba ninarudi? Umenikata kabla ya kunipima.

Unauliza wanakwenda wapi. Wanakwenda kukutana. Mteja wangu mmoja ni muuguzi wa wodi ya watoto. Tangu akiwa shuleni anapenda anime, zile katuni za Kijapani, na anaimba nyimbo zake kwa lugha asiyoijua hata salamu. Jumamosi moja kila mwezi wapenzi wa katuni hizo hukusanyika ukumbini, kila mtu amevaa kama mhusika ampendaye. Vichekesho vipo, sikatai. Lakini nimemwona dereva wa lori, mtu mwenye shingo kama gogo, akitetemeka midomo nilipokuwa nikimfunga mshipi wa upanga wa mbao. Na wewe ndiye uliyekuwa ukituwashia televisheni dukani, mimi na watoto wa majirani, ili tusiguse mikasi. Ulidhani tulikuwa tunatazama taarifa ya habari?

Sasa nina ombi. Tarehe 2 Machi muuguzi ataingia mashindanoni akiwa Mlinda Daraja, askari wa katuni aipendayo kuliko zote. Koti la askari huyo lina kola ya kusimama, isiyolala hata akikimbia. Nimeijaribu mara nne, inaanguka kama sikio la mbuzi. Simjui anayesimamisha kola kama wewe. Nishonee koti hilo, tafadhali. Picha na vipimo vimo humu.

Kuhusu kurudi, nipe muda. Mwenye ukumbi ananipa chumba cha kushonea, kwa sharti nikae miaka miwili. Sijamjibu. Ninazunguka humu ndani kama kuku anayetaka kutaga.

Binti yako

Tarehe 27 Februari

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo. Koti limeondoka leo kwa basi la asubuhi. Limenichukua siku kumi na mbili. Kola imesimama, ukiiona imelala, ujue aliyelivaa ndiye aliyelala.

Lakini mchoraji wenu hajui nguo. Mkono wa kushoto ameukomesha kwenye kiwiko, tena umechanika. Pindo linaonekana kama limeliwa na panya. Vifungo vitatu havipo kabisa. Nimesahihisha yote. Mikono sasa iko sawa, pindo limenyooka, vifungo vimetimia vinane. Sipendi mtu asimame mbele ya watu, aulizwe fundi wake ni nani, kisha ainamishe kichwa.

Mkuu wa shule alipita tena. Nimemwambia asubiri. Siku zinakwenda, mwanangu, na wewe bado unazunguka.

Baba yako

Tarehe 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Leo ninauliza kwa sababu ninataka kujua, na uniambie kweli.

Koti lilifika siku mbili kabla ya mashindano. Muuguzi alilifungua, akalitazama sana, kisha akasema, "Dada, limependeza mno. Lakini huyu si yeye." Baba, mkono ule haukuchorwa vibaya. Mlinda Daraja aliuchana mwenyewe ili amfunge jeraha mtu wa upande wa adui, na tangu siku hiyo hakukubali ushonwe. Kila mtu pale ukumbini anajua hivyo. Wewe ulimshonea kwa upendo, ukamfutia tendo lake jema la pekee.

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Kisha nikachukua mkasi, nikaligeuza koti nje ndani ili nione nifumue wapi.

Kwenye kola mshono umenyooka kama uzi wa mwashi. Hiyo unaishona kwa vidole, huhitaji kutazama. Lakini ndani ya mkono uzi umetangatanga, umefumuliwa, umerudiwa mara tatu, mara nne, kitambaa kimejaa matundu ya sindano. Na kwenye bitana kuna tone la damu. Wewe, uliyenipiga rula vidoleni kwa mshono uliopinda unene wa unywele! Macho yako yana nini? Yameanza lini? Ulimwambia mkuu wa shule ninarudi kwa ajili ya duka, au kwa sababu huoni?

Nilishindwa kuukata mkono ule peke yangu. Muuguzi alishika upande mmoja, mimi mwingine. Mashindanoni akawa wa tatu. Mafundi wawili waliomba kuigusa kola, na mmoja akaniuliza fundi wake ni nani. Nikasema ni baba yangu, bila kuinamisha kichwa, mbele ya watu wenye mikia na masikio ya paka.

Sirudi kushona sare, Baba. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta tangu asubuhi. Nimemkubalia mwenye ukumbi. Chumba kina madirisha mawili mapana na meza mbili. Njoo. Hospitali ya macho iko hatua chache kutoka hapa, na muuguzi ameshauliza: watakupokea. Wewe utashona kola, mimi nitashona kilichobaki. Usiponijibu, nitapanda basi nije nikusomee barua hii mwenyewe.

Binti yako

Tarehe 30 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi, na asante kwa kutopanda basi. Safari hii sikunyamaza kwa hasira. Barua yako alinisomea Shangazi yako, kama alivyonieleza picha za koti, na hii ananiandikia yeye. Nilimsikia akiruka kipande fulani, nikamwambia arudi nyuma asome yote.

Ni macho yote mawili. La kushoto lilianza mwaka juzi, kabla hujaondoka. Siku ile tulipogombana, nilipoiita michoro yako upuuzi na kuitupa chini ya meza, sikuwa nimeiona. Niliona rangi tu, kama nguo zilizoanikwa mbali. Niliona haya kukwambia, nikaona heri nikutukane. Mficha maradhi, unajua mwisho wake.

Nilikwenda kwa kinyozi, nikamwomba anionyeshe huyo Mlinda Daraja. Alinikalisha kwenye kiti cha kunyolea, akanishikia simu karibu na pua. Mteja mmoja akasema, "Mzee, katuni kwa umri huo?" Nikamwambia anyamaze, kuna mtu amejeruhiwa. Midomo yao haiendi pamoja na maneno, na jambo hilo limenikera. Tena kitambaa kizito namna ile hakichaniki kwa mkono mmoja. Lakini kilipochanika nilikisikia vizuri, na kinyozi mwenyewe alisahau kunyoa.

Mkuu wa shule nimemwambia kweli: binti yangu harudi, na mimi siwezi. Akanishika mkono muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kuhusu kuja huko, sijui. Jana nilifunga duka, nikalifungua, nikalifunga tena. Shangazi yako akauliza, "Unatoka au unaingia?" Hapa pasi, chaki, mlango na vidato viwili vya nje ninavijua bila kuvitazama. Huko nitakuwa kipofu tangu siku ya kwanza, hata kama mwanga kidogo umebaki. Ninaogopa, mwanangu. Na nikibaki, nitakuwa mlinzi wa cherehani zilizofunikwa.

Jumanne daktari wa macho wa hapa kwetu ataniona. Kwanza nisikie kwake mwanga uliobaki ni kiasi gani. Usinihimize, wala usimtume muuguzi wako. Meza ya pili usiirundikie vitambaa kwa sasa. Nikishaamua nitakuandikia, kwa mkono wangu mwenyewe, hata mistari ikipandana.

Baba yako