Maji ya Magome ya Nashilu

Korogwe,
14 Agosti 1998

Kaka yangu Salaash,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kwedizinga, wewe, watoto na mifugo. Mimi afya ninayo, raha sina. Shemeji Nashilu sikuulizii hali yake kwa sababu najua hayupo hapo, na anayejua vizuri kwa nini hayupo ni mimi.

Utakumbuka mama alipochomwa na mwiba mguuni. Siku ya nne ulitaka kumpeleka hospitali, nikakuambia subiri, nina dawa. Ulinisikiliza kwa kuwa nyumbani mliniita daktari. Kaka, kazi yangu katika maabara hii ni kuosha vyupa na sahani za kuoteshea vijidudu. Lakini tangu biashara iachiwe huru dawa zinauzwa duka moja na sabuni na mafuta ya taa, na mwenye koti jeupe nani atamdai cheti?

Ile haikuwa dawa. Ilikuwa protini ya binadamu, ile iliyomo kwenye machozi na maziwa ya mama, inayoua vijidudu. Hawamkamui mtu, wataalamu wa ng'ambo huipa chachu maelekezo ya mwili wetu, nayo chachu huitengeneza. Kichupa kiliandikwa kuwa ni cha utafiti wa maabara tu, kisitumiwe kwa mtu, na mkuu wetu, Mama Grasiana, alitusomea maandishi hayo. Mimi nikajiambia, kilichotoka kwa mtu kitamdhuruje mtu? Nikakiiba kwenye friji, nikakitia mfukoni, nikapanda basi la Handeni na jua lile bila hata kipande cha barafu.

Wiki sita nilikuja kila Jumapili kumpaka mama. Nashilu naye alichemsha magome ya mti wa olkiloriti akamwosha kila asubuhi. Mguu ulipoanza kunuka nikasema hapo ndipo dawa inapofanya kazi. Ulipochoka kunisikiliza ukampeleka, hospitali wakasema tumechelewa. Mwezi wa tatu tukamzika.

Kwenye kikao wazee waliniuliza mimi, msomi wao, kilichomuua mama. Nilisema ni maji ya magome, yameingiza uchafu kwenye kidonda. Nashilu alikuwa ameitwa, amekaa mbele yangu. Wiki ile ile ukamrudisha kwao.

Sasa sikia, na unichukie. Niliondoka kwako na magome yake kidogo, nikitaka kujihakikishia kwamba nilisema kweli. Niliyachemsha, nikadondoshea maji yake kwenye sahani ya vijidudu, na pembeni nikaweka tone la kichupa changu. Kesho yake pale kwenye magome palikuwa na duara safi, vijidudu vimekufa. Kwenye tone langu vimeota kama nyasi za masika. Nilimuuliza Mama Grasiana kwa kuzungukazunguka. Akasema protini ile ikipata joto huharibika, na hata ingekuwa nzima, sahani si mguu wa mtu, kidonda kile kilitaka hospitali tangu mwanzo. Tangu siku ya nne, kaka. Wewe ulikuwa sahihi, na Nashilu hakuchafua kitu.

Hayo niliyajua siku chache baada ya kikao. Leo ni mwezi wa tano nimenyamaza, kwa sababu nilipenda kuitwa daktari. Naona aibu hata kuiandika.

Jumamosi nilimkuta Nashilu sokoni hapa, anauza maziwa, amekonda. Aliniamkia vizuri, akaniita daktari bila kejeli. Akaniuliza kama yule mwanawe mdogo siku hizi analala bila kulia.

Kwa hiyo barua hii usiifiche. Wakusanye wazee wale wale, mtu asome kila neno, kisha uende kwao Nashilu na wazee hao wakiwa nyuma yako, ukamwombe arudi. Akikataa, ana haki. Mimi usinitetee. Wakisema nisikanyage tena hapo, mwambie mwanao Leboo aniandikie, nitatii.

Wasalimie watoto. Yule mdogo mwambie mama yake alimuulizia.

Mdogo wako,
Kuntai,
mwosha vyupa.