Koni ya Shaba ya Injini Yangu

Jumapili, 4 Mei
Flaiwili, lile gurudumu zito kwenye shafti ya injini, imeng'oka. Mzunguko wa tisa, kona ya matairi – mlio kama sahani inavunjika, kisha injini inalia peke yake na gari langu dogo la rimoti limesimama. Nimeokota vipande mwenyewe. Flaiwili ina ufa. Viatu viwili vya klachi havionekani. Koni ya shaba imepasuka upande mmoja. Injini yenyewe nzima.

Ina miaka ishirini na mbili na kiwanda chake kilifungwa zamani. Mbio za injini kongwe ni Jumapili ya tarehe 18. Mbili zilizopita nimeshinda mimi.

Mfamasia, mwanamke mwenzangu wa kiwanjani, alikuja kunipa pole, gari lake kwapani. Klachi yake nayo ilikufa wiki jana. Nilimshukuru. Moyoni nilisema angalau tumekaa nje wote.

Jumanne, 6 Mei
Maduka matatu kabla ya kikao cha baraza la mji nilichotumwa kuandikia habari. Muuza vipuri wa kwanza: flaiwili hii inaingia injini zote, dada. Kinachoingia kote hakikai popote – tundu kubwa, nikikaza inayumba. Ya pili, nyuzi za nati hazikubaliani na shafti. Ya tatu ni nene mno, kengele ya klachi, kile kikombe kinachoifunika, inakosa nafasi ya kuzunguka.

Njia iliyobaki: flaiwili ya siku hizi, koni mpya ya kukerezwa. Koni ndiyo inayobana flaiwili kwenye shafti. Mteremko wake ukikosea kwa unywele, hakuna kitu.

Na mimi nimeolewa na fundi wa kukereza vyuma! Miaka kumi na saba. Nimepima koni kwa venia, rula ya kupimia unene, kila kipimo mara tatu, nikamwandikia karatasi safi. Akaitazama sana. Akasema nimpelekee injini. Nikamjibu injini haitoki nyumbani, vipimo ndivyo hivyo.
"Nitaangalia, mama."

Jumatano, 7 Mei
Anaangalia.

Ijumaa, 9 Mei
Bado anaangalia. Neno hilo nimelisikia kwa viongozi watano wiki hii. Najua uzito wake.

Jumamosi, 10 Mei
Gari la mfamasia linakimbia.

Niandike nilichoona, si nilichohisi. Saa nne na robo aliliwasha kwa mvuto mmoja. Klachi ikashika bila kukwaruza. Alipozima, akafungua watu waone: flaiwili mpya, koni mpya, na ukingoni mwa koni nukta mbili ndogo. Nukta hizo hupigwa na mume wangu, ili ajue koni iliingia upande gani. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo.

"Mumeo ana mikono, dada!" akanipigia kelele mbele ya kiwanja kizima.

Mwenyekiti wa kiwanja akadakia: "Na wewe, mama mwandishi, bado? Wewe si unalala na mashine yenyewe?"

Wakacheka. Nikacheka. Meno tu.

Nyumbani nilimuuliza mume wangu koni ya mfamasia aliitengeneza lini. Jumatano. Na yangu? "Yako ngumu." Akachukua taulo, akaenda kuoga. Injini ya mfamasia na yangu zimepishana mwaka mmoja!

Jumapili, 11 Mei
Wifi amepiga simu. Duka lake la vitambaa linatazamana na karakana ya kaka yake, kwa hiyo ni shahidi wa macho. Ameanza kwa kusema yeye hayumo. Wasiokuwemo ndio huwa na habari zote.

Kwamba yule dada wa dawa huja kila mchana. Ana kopo la oili analolikalia, halikaliwi na mwingine. "Kwa muda anaokaa, wifi, mngemwandikisha kazi." Na kwamba kaka yake hucheka mpaka anazima mashine.

Anazima mashine! Mimi nikipiga simu ananijibu huku inanguruma.

Nikamwambia injini yangu wiki nzima haina koni. Akasema mfinyanzi hulia gaeni, wifi yangu, ila gae nalo liwe la kwako.

Sikupata usingizi wa mchana. Tatizo langu nalijua, nisijidanganye: koni ningeweza kuichongesha kwa fundi mwingine. Nataka anichongee yeye, na aanze na mimi.

Jumatatu, 12 Mei
Nimekwenda karakana saa saba, akiwa ametoka kula. Miaka ishirini na sita ya uandishi imenifundisha kuingia mahali mwenyewe akiwa hayupo. Sijivunii.

Juu ya rafu, nyuma ya mswaki wa chuma, kuna bati la peremende. Ndani koni tatu za shaba, mpya, zina nukta mbili. Zimefungwa karatasi moja – yangu. Juu yake kwa penseli: MAMA 1, MAMA 2, MAMA 3.

Kwa hiyo alitengeneza. Tatu! Na hakunipa hata moja. Nimezitia mfukoni.

Jumanne, 13 Mei
Nimezijaribu zote. Ya kwanza imetoka sawasawa na karatasi yangu, hadi tarakimu ya mwisho. Inayumba. Ya pili na ya tatu mteremko umebadilishwa kidogo, amekisia. Zinayumba pia.

Nikapima shafti yenyewe. Halafu nikapima tena.

Nimekosea mimi. Nilipima koni iliyopasuka. Koni ikishabanwa miaka ishirini na mbili hujikunja, inasema uongo. Kipimo kiko kwenye shafti. Kijana wa mwezi wa kwanza katika chumba cha habari akiniletea nakala badala ya hati yenyewe, ninamrudisha mlangoni.

Yeye alijua. Ameharibu shaba mara mbili akibahatisha badala ya kuniambia, mke wangu, umekosea. Nimetafuta siku aliyowahi kuniambia hivyo nikakubali. Bado natafuta.

Ningetegemea wivu upungue. Umeongezeka. Yule mwanamke hakuleta karatasi. Alimwekea injini mkononi akakaa kwenye kopo akisubiri. Basi.

Alhamisi, 15 Mei
Karakana, saa tisa alasiri. Naandikia hapa hapa, kwenye benchi.

Nimekuja na injini kwenye taulo. Mfamasia yupo, kopo lake lipo. Nilitaka kugeuka nirudi. Nikasema la, na nikalisema mbele yake: nilipima koni mbovu.

"Najua," mume wangu akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu ulivyonipa karatasi."
"Na ukanyamaza."
"Ungenijibu umepima mara tatu."

Mfamasia ametazama sakafu. Nilimtegemea acheke. Hakucheka. Hilo limenikera zaidi.

Mume wangu akasema injini itakaa kwake mpaka Jumamosi, koni aipime juu ya shafti, si pembeni. Siku mbili hapa, mchana wa leo na wa kesho, na yule mwanamke kwenye kopo lake.

"Mpe tu, dada," mfamasia akasema. "Haumi huyu."
"Namfahamu kabla yako."
"Ndiyo maana nakushangaa."

Nimewaambia wangoje niandike namba ya injini kwanza. Tarakimu saba. Nimeshaziandika.

Mume wangu amenawa, amepangusa, ametandaza kitambaa safi mezani. "Mama, namba gani hiyo isiyoisha?" Nimemwambia meza iendelee kungoja, na yeye pia. Mfamasia ameinuka, amechukua mkoba, anatafuta funguo ambazo naziona ziko mkononi mwake. Hatoki.

Taulo nimelifungua. Mkono wa mume wangu uko chini ya injini. Wangu wa kushoto bado uko juu, naandika kwa huu mwingine. Hajavuta.