Karatasi Ndani ya Trakta ya Babu

Mujukuu wangu Mouna,

Naandika kwa mukono wangu, usicheke. Mihogo imekauka vizuri. Trakta ndogo ya marehemu babu yako ilivuja mafuta, nikaita fundi Djafari. Muvivu yule! Alipokuja, ilikuwa haivuji tena. Akafungua mashine.

"Mama Hidaya, nani alitengeneza? Karatasi ya kuziba mafuta ni mupya, imekatwa kwa kisu."

Babu yako tu njo alikuwa anakata karatasi hivyo, na tulimuzika miaka mitatu iliyopita. Tukageuza karatasi: ni ya kalenda yangu ya ukutani, mwezi wa kumi na mbili, mwaka huu.

Wewe unasema utatoka Kongolo kuja kuniona mwisho wa mwaka. Kalenda yangu inaishia mwezi huu wa kumi na moja. Panda treni sasa, kichwa ngumu wewe.

Bibi yako, bado muzima,
Hidaya