Aliyeitikia Kamwene

Jumatatu, 3 Februari
Mvua. Wateja hakuna mpaka shule zitoke. Nimefagia banda la gemu, nimefuta skrini zote, nimewasha namba sita. Namba sita ni yangu. Bosi hajui. Anafungua mlango wa ofisi yake asubuhi, anaufunga, anapiga hesabu zake humo mpaka adhuhuri. Anadhani mimi huku nje naangalia mlango.

Leo nimeteka watatu. Mimi ndiye Kapteni Radi, haramia namba moja Mwanjelwa nzima, anayebisha ajitokeze. (Hajitokezi mtu. Wengine wote wanacheza gemu la mpira.) Gemu langu ni la biashara angani. Unanunua mzigo sayari hii, unauza ile, unapata faida kiduchu, unazeeka. Washamba ndio wanacheza hivyo. Mimi nawasubiri njiani.

Niandike mbinu zangu, nikifa wadogo zangu warithi. Usikae lango la angani wanaloingilia, kaa wanapotokea. Anayetoka langoni kabeba mzigo na injini bado imechoka, hana mbio. Zima taa, zima injini, uwe jiwe. Usiue. Maiti habebi mzigo kesho. Piga injini tu. Halafu chukua nusu, mwachie nusu. Ukikomba vyote anaacha gemu. Ukimwachia nusu anarudi njia ileile, anajiambia leo nitapita.

Nikimaliza naandika kwenye chati: KAMWENE! Salamu ya kwetu Uheheni. Wazungu na Wabrazili wanadhani ni jini. Raha tupu.

Jumanne, 4 Februari
Kimetokea chombo kigeni, jina lake Mama Mchele. Kizito, kinatembea kama ng'ombe mwenye mimba. Nimekipiga injini, nimebeba nusu, nimeandika kamwene.

Akaitikia.

"Kamwene, Mhehe. Mbwa alikuwa mtamu?"

Nimezima kompyuta kwa swichi ya ukutani. Mbrazili gani anajua kwamba sisi Wahehe tunataniwa tunakula mbwa?

Jumatano, 5 Februari
Nilijiambia Watanzania tuko wengi, labda mtu wa Dar, labda Mwanza. Nikaingia tena. Mwanaume haogopi maandishi.

Mama Mchele alikuwa nje ya lango. Taa zimezimwa. Injini imezimwa. Jiwe. Nilimpita bila kumwona, ndipo akaandika: "Kilolo viazi vimeota?"

Sijawahi kuandika Kilolo popote. Nimekimbia. Mimi, Kapteni Radi, nimekimbia ng'ombe mwenye mimba.

Naogopa, na sababu naiandika hapa tu. Nyumbani Kilolo wanajua mimi ni fundi kompyuta Mbeya. Nilisema mwenyewe, nikaongeza chumvi. Mama amewatangazia wanakwaya wote usharikani. Kumbe nafagia, nalala kwenye godoro nyuma ya kaunta. Kazi hii Bosi alinipa kwa sharti moja: mashine za wateja usiguse. Mwenzangu aliyenitangulia aligusa. Alipandishwa basi siku hiyohiyo, hata chai hakumaliza. Huyu anayenijua akimwambia Bosi, narudi kuchimba viazi. Na Mama, kwa aibu, atahamia benchi la nyuma kanisani.

Alhamisi, 6 Februari
Sijacheza. Vidole vinawasha.

Namshuku Dada Neema wa saluni, chumba cha pili. Yeye ni Mngoni, mtani wangu, kila siku ananikaba na mbwa. Leo kapitisha kichwa mlangoni: "We Mhehe, mbwa wangu simwoni. Fungua mdomo ninuse!" Nikamwambia sisi hatuli mbwa aliyekonda kama mwenyewe. Kacheka mpaka kaegemea ukuta. Kama ni yeye, nimepona. Mtani hashitaki.

Nikachungulia saluni. Kioo, draya mbili, kalenda. Kompyuta hana. Simu yake ya vitufe.

Jumamosi, 8 Februari
Radi (ile ya kweli), umeme ukakatika mtaa mzima. Nilikuwa nimejificha nyuma ya sayari moja, najaribu bahati. Namba sita ikafa.

Kwenye simu huwa naona nani yuko hewani kwenye gemu. Nikaangalia. Mama Mchele hayupo. Kapotea palepale nilipopotea mimi.

Umeme uliporudi nikaangalia tena. Karudi.

Hayuko Dar. Hayuko Mwanza. Tunakula umeme wa nguzo moja.

Jumapili, 9 Februari
Nimeenda ibadani. Nilisali kweli, si kwa mdomo. Kila mtu aliyenigeukia kunipa mkono wa amani nilimwona ndiye.

Jumatatu, 10 Februari
Naandika haraka, herufi mtanisamehe. Nani anisamehe, hakuna anayesoma.

Dada Neema alichomeka draya mbili kwa pamoja. Pa! Giza. Lakini ng'ambo ya barabara mashine ya kukoboa inanguruma kama kawaida. Umeme umekatika kwetu tu, jengo hili tu. Nikatoa simu.

Mama Mchele hayupo.

Jengo lina milango mitatu. Banda la gemu, ambamo nipo mimi. Saluni, ambamo Dada Neema anapiga kelele na mteja mwenye povu kichwani. Na ofisi.

Nikasikia kiti kinasogezwa ofisini.

Bosi akatoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bosi." "Marahaba." Akaenda kwenye swichi kubwa, akaipandisha. Akageuka. Banda halina mteja. Akatembea taratibu mpaka namba sita, akaweka kiganja juu ya boksi lake. Lilikuwa la moto. Nilijua ni la moto, miguu yangu ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi.

Akarudi ofisini, akafunga mlango.

Jumanne, 11 Februari
Hajasema kitu.

Bosi si mtani wangu. Baba yake alitoka pwani, akaja kufungua duka. Hatuna utani naye hata wa kuazima. Habari za mbwa kazisikia kwa Dada Neema, ukuta wenyewe ni wa mbao. Nikikosea siwezi kusema nilikuwa namtania.

Nimeshampora mara ngapi kabla hajabadilisha jina la chombo? Sijui. Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga.

Anachonifanyia nakijua. Kazima taa. Kazima injini. Kawa jiwe, anasubiri nitokee. Mbinu ni zangu, na sasa najua yule anayetoka langoni anavyojisikia. Sikuwahi kumuuliza.

Jumatano, 12 Februari
Kaniita.

Kwenye skrini yake, Mama Mchele. Tumbo nusu tupu. Akaniambia nikae. Nikakaa ukingoni.

"Kila ukinipora unaniachia nusu. Kwa nini?"

"Ili urudi, Bosi."

"Nimerudi."

Kichwani nikamwona Mama akihama benchi. Nikasema, Bosi, kama ni basi nipandishe la jioni, nifike usiku, la asubuhi watu wa Kilolo wote wataniona nashuka. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Kachomoe mausi ya namba sita, ulete."

Nikaleta. Akaifungia kwenye droo, funguo akatia mfukoni.

"Hiyo nusu yangu. Godoro lako liko palepale."

Nilipofika mlangoni akasema, bila kucheka, akiikosea kabisa kama anaita mbuzi: "Kamwene."

Niliitikia.

Ijumaa, 14 Februari
Mvua ndogo. Nimefagia, nimefuta skrini. Namba sita nimeifunika kitambaa.

Bosi kaenda msikitini. Mlango wa ofisi kauacha wazi, sijawahi kuuona wazi. Skrini inawaka, naiona kutoka hapa. Mama Mchele kasimama nje ya lango, tumbo limejaa, taa zimezimwa. Mausi yake iko pembeni, kiti kitupu.

Aliyeachiwa nusu hujiambia leo nitapita.

Nimekaa kwenye stuli yangu, mkono usioandika nimeukalia. Naangalia mlango wa barabarani.